Mashine ya Kaplan haikuwa ya kwanza duniani

Je, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilikuwa cha kwanza duniani kutibu saratani kwa linaki, yaani mashine inayoongeza kasi ya elektroni ili kutoa mionzi yenye nguvu? Hapana, hawakuwa wa kwanza. Hospitali ya Hammersmith, London, ilitangulia 1953. Henry Kaplan, daktari wa mionzi wa Stanford, alifuata 1956 huko San Francisco, akawa wa kwanza Marekani. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 2, jicho moja limeshaondolewa, la pili lina uvimbe. Mionzi ilipitishwa kwenye tundu dogo la kipande cha madini ya risasi kilichowekwa sawa kwa jeki, naam, jeki ya gari! Jicho likapona. Nyaraka za Kaplan zimo kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Stanford. Ila usizitafute za mashine tu: nusu ya umaarufu wake ni tiba ya ugonjwa wa Hodgkin, aina ya saratani ya tezi za limfu.