Silipwi Hata Senti: Jibu kwa Salimu na Wenzake

Mdogo wangu Salimu kaniletea ujumbe wa sauti wa dakika nne, na kwa nyuma namsikia Shangazi akimchochea. Maswali ni matatu. Je, ni kweli nimekuwa kiongozi wa chama cha Wanaijeria huku Ohio? Nalipwa kiasi gani? Na kama nina muda wa kuhangaika na utamaduni wa watu, mbona sisi Wazigua wa Handeni sijatufungulia cha kwetu? Watoto wamelala, sahani zimeoshwa. Nawajibu wote kwa mpigo.

Silipwi. Nalipa. Ada ni dola 20 kwa mwezi, ukichelewa mkutano faini, usipokuja bila taarifa faini nyingine. Na mimi si kiongozi, ni katibu, yaani mtu wa kulaumiwa. Chama chenyewe si cha "Wanaijeria", ni cha Waurhobo, watu wa shemeji yenu, wa jimbo la Delta kule kusini: Ughelli, Effurun, Sapele, na Warri ambayo wanaivutana na Waitsekiri na Waijaw mpaka leo. Mke aliyeolewa kwao anahesabiwa kwenye kundi la wake, eghweya, atoke Abraka, mji wao, atoke Handeni. Ndivyo nilivyoingia.

Ukatibu nilipewa kwa sababu ya ugeni wangu. Waurhobo wana falme zaidi ya ishirini, kila moja na mfalme wake na namna yake ya kusema neno lile lile. Katibu akitoka Agbon, wa Ughievwen watasema kumbukumbu za kikao zimeegemea upande. Mzee mmoja akasimama akasema, mpeni huyu Mtanzania, yeye hana kijiji hapa. Nikacheka. Sikujua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mnadhani kazi ni ngoma na mavazi, kwa kuwa picha ninazotuma ni za sherehe: wanaume na vitambaa vyao vya kiunoni, shati jeupe, kofia, shanga nyekundu, bakora. Hiyo ni siku moja kwa mwaka. Zilizobaki ni ukumbi wa chini ya kanisa, viti vya kukunja, na makaratasi. Chama kama chetu kinasamehewa kodi, lakini kila mwaka lazima upeleke fomu serikalini, na kwa chama kidogo ni fomu ya dakika kumi tu kwa kompyuta. Usipoipeleka miaka mitatu mfululizo, msamaha unafutwa wenyewe, hakuna anayekupigia simu. Aliyenitangulia hakuipeleka miaka mitatu. Majira ya baridi yangu ya kwanza kama katibu niliyamaliza nikiomba upya kile tulichokuwa nacho, na ada ya maombi ilitoka kwenye pochi yangu kwa sababu mweka hazina alikuwa safarini Lagos.

Halafu kuna kola, ile kokwa chungu ya kutafuna. Mkutano tunauandika saa nane mchana, watu wanafika saa kumi, na hata wakifika hauanzi mpaka mwenyeji atoe sahani: kokwa za kola, kinywaji, na noti za kuitegemeza kola isianguke. Msemaji, wanamwita otota, anasimama, anapokea maneno ya mwenyeji, anageuka kumfikishia mzee aliyeketi hatua mbili kutoka hapo, ambaye amesikia kila neno. Mzee anajibu, otota anarudisha. Siku moja kola ilisahaulika. Wakajadiliana dakika arobaini kama lozi za dukani zinaweza kushika nafasi yake. Zikakataliwa. Nikatumwa mimi na gari kwenye theluji mpaka duka la Wanaijeria upande wa pili wa mji, na niliporudi walikuwa wamekaa vile vile, kikao hakijafunguliwa, hakuna aliyeona ajabu.

Nilinuna wiki nzima. Ila nikakumbuka salamu ya kwanza niliyofundishwa na mama mkwe: migwo, unapiga goti, mkubwa anaitikia vrendo. Migwo maana yake nimekupigia magoti. Shikamoo yetu nayo ilikuwa ya kushika miguu, sivyo? Nani kati yenu ameshika mguu wa mtu mwaka huu? Yetu imebaki mdomoni. Ya kwao bado ina goti, hata kwenye zulia la kanisa la Columbus.

Sasa lile linaloniudhi hasa. Mwaka juzi mwenzetu alifiwa na baba yake kijijini. Siku tatu tu, dola 6,000 mezani, vitambaa vya sare vimeshachaguliwa, tiketi imekatwa. Mwezi huo huo niliomba dola 400 za vifaa vya kuhamisha kaseti. Watu wana kaseti, Salimu! Mazishi ya miaka ya themanini, wazee wakitoa visa vya vita na mipaka, bibi zao wakiimba, zote kwenye maboksi ya viatu huku magereji yakiganda na kuyeyuka kila mwaka. Sikupata. Mzee mmoja akanipoza: "Mwanangu, maiti haingoji. Kaseti inangoja." Nikamfungulia moja mbele yake, ukungu mweupe umetambaa kwenye utepe kama kwenye mkate. Akaitazama, akanirudishia. Mwezi uliofuata akaja na bahasha ya dola 60, hakusema neno. Vifaa nilikuja kununua vilivyotumika, na utepe uliolegea naurudisha kwa kalamu ya risasi, kama tulivyokuwa tukifanya kwa redio ya Mjomba.

Kuna jambo moja nililoliona kwa macho yangu, na ndilo linalonifanya nisiache. Waurhobo wa Udu na Ughievwen walikuwa na udje. Mkiifikiria mipasho ya taarabu mtakaribia, lakini hii ilikuwa kijiji kwa kijiji. Upande mmoja unatunga kwa siri nyimbo za kuwaanika wa upande wa pili: mvivu, mwizi, mwanamke asiyetulia, mtu aliyemnyima mama yake chakula. Kisha siku ya ngoma zinaimbwa hadharani, na waliosemwa wanatulia, wanakwenda kutunga majibu ya msimu ujao. Kupigana hapana, jibu ni wimbo.

Mzee wa miaka 84 alikuja kumtembelea binti yake hapa. Alicheza udje ujanani. Nikaenda na simu yangu. Akaimba mbili, ya tatu akaianza akakata katikati. Nikamuuliza, umesahau? Akanong'ona: huyu tunayemwimba ni babu wa yule kijana aliyeko sebuleni. Yule kijana ni mfamasia, mwenzetu wa chama, ndiye aliyenileta kwa gari! Alikuwa amesikia. Akaingia na kikombe chake cha chai, akapiga goti, akasema: "Baba, imba." Mzee akakataa. Kijana akasisitiza. Basi mzee akaimba: mtu aliyejigamba kwamba shamba lake la viazi vikuu halina mfano, kumbe usiku anachimba kwa jirani, na siku aliyoshikwa akasema alikuwa anakisaidia kiazi kupumua.

Nilitaka kupotea mle ndani kwa aibu. Mfamasia alicheka mpaka chai ikamwagika, kisha akaketi sakafuni, akafuta uso. Babu yake alikufa kabla hajazaliwa, baba yake alikuwa mkimya. Alisema ndiyo mara ya kwanza kusikia chochote kuhusu mtu yule zaidi ya jina. Akaomba wimbo urudiwe, na safari hii simu alishika yeye.

Hawa watu hawakuanza jana. Mwaka 1931 waliunda umoja wao, Urhobo Progress Union. Chini ya Mukoro Mowoe, mfanyabiashara wa Warri aliyeuongoza mpaka alipofariki 1948, wanachama walichanga wakasomesha vijana wawili ng'ambo ili warudi kuendesha shule yao wenyewe, Urhobo College ya Effurun. Na mwaka 1999 wasomi wao walioko nje, akiwemo Profesa Peter Ekeh aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Buffalo hapa Marekani, wakaanzisha Urhobo Historical Society kukusanya historia yao, nyaraka za wakoloni na tafiti, na kuchapa vitabu. Chetu ni kijichama tu pembeni ya hicho. Huyo Ekeh, aliyefariki 2020, ndiye aliyeandika mwaka 1975 kwamba ukoloni ulimwachia Mwafrika umma mbili: ule wa watu wake, anaoutolea jasho bila kulipwa, na ule wa serikali, anaouchota bila haya. Shemeji yenu hupenda kunisomea hayo ninapolalamika. Mimi humjibu kwamba profesa hakuwahi kudai ada za Jumamosi yetu. Wa kwao nao wanakwepa, wanakwepa kwa heshima tu.

Haya, swali la tatu, lile lenye mwiba. Kwa nini si chama cha Wazigua?

Nilikuwa duka la nyama halali, nyuma yangu mama akamgombeza mtoto kwa Kizigua. Nikageuka nikidhani ni sauti ya Shangazi. Hajawahi kukanyaga Tanga. Ni wa wale Wabantu wa Somalia: mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka kwetu karne ya 19, wakapelekwa mashamba ya Benadir, pwani ya Somalia, wakatorokea misitu ya mto Juba wakaishi huko. Vita vya 1991 vikawasukuma kambini Kenya, na kuanzia 2003 Marekani ikapokea zaidi ya elfu kumi kati ya hao Wabantu. Wengine walirudi kwetu, wale wa makazi ya Chogo hapo Handeni mnawajua. Tuliongea hapo mbele ya bucha mpaka nyama yangu ikaanza kutoa maji. Kuna maneno alisema ambayo mimi nimeyasikia kwa Bibi tu.

Lugha ile imedumu miaka zaidi ya mia na hamsini, utumwani na porini, bila katibu, bila fomu, bila ada. Kisha yule mtoto aliyegombezwa akamjibu mama yake kwa Kiingereza. Wanangu nao, wana majina ya Kiurhobo mazuri, mmoja ni Ese, zawadi, na wote wananiuliza "migwo" inaandikwaje.

Kwa hiyo sikuwaanzishia chama kwa sababu nimechoka, huo ndio ukweli wenyewe. Kazi mbili, watoto, na Jumamosi zimeshaolewa Delta. Na pia kwa sababu ninyi mnacho kitu chenyewe hapo uani, kinaota jua asubuhi na kanga mbili. Salimu, una simu nzuri kuliko yangu. Usimwambie Bibi unarekodi historia, ataanza kukohoa na kusema Kiswahili cha redioni. Muulize tu ile mahari ya Mama Mdogo ilikwendaje mpaka mbuzi mmoja akarudishwa, umwache aongee kwa lugha yake, na usimkatize.

Fedha ya mbolea ya Shangazi natuma Ijumaa. Sauti ya Bibi naitaka Alhamisi.