Maswali ya Wasomaji: Ndege za Jeshi na za Abiria Zinapotumia Anga Moja

Naishi Eastleigh, karibu na Kambi ya Wanahewa ya Moi. Ndege ya jeshi ikishapita juu yetu, muda si muda naona nyingine ya abiria ikielekea JKIA, Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Nani humwamuru nani huko juu?
*Msomaji, Eastleigh*

Mtaa wako unalijua jambo hili tangu zamani. Kabla ya uwanja wa Embakasi, ambao leo ndio JKIA, kufunguliwa mwaka 1958, Eastleigh ilipokea ndege za jeshi la anga la Uingereza pamoja na za abiria. Leo viwanja vimetengana, lakini anga ni ile ile. JKIA, uwanja wa Wilson na kambi hiyo vimekaribiana mno, na kila kimoja kina ndege zake zinazopaa na kushuka.

Ibara ya 3 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, inasema mkataba huo unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, forodha na polisi ni za serikali, na kila nchi huzitungia kanuni zake, mradi kanuni hizo zijali usalama wa ndege za kiraia. Kwa hiyo cheo cha rubani hakiamui chochote. Kinachoamua ni makubaliano ya maandishi kati ya waongozaji wa ndege wa pande mbili, wa jeshi na wa kiraia: ndege ikabidhiwe wapi, ikiwa katika kimo gani, simu ipigwe dakika ngapi kabla, na redio ikikatika ndege ifuate njia ipi. Ndege iliyo katika dharura hutangulia, iwe ya nani.

Kosa linalojirudia ni ndege kuvuka mpaka wa anga kabla ya upande wa pili kuikubali. Mwongozaji makini haachi hilo litokee. Kama mwenzake hajatamka kwamba ameipokea, ndege bado ni yake, na huizungusha upande wake hadi jibu lije.

Najifunza urubani Wilson. Nilipotembelea uwanja unaotumiwa pamoja na ndege za jeshi na za kiraia nje ya nchi, nilimsikia mwongozaji akiwajibu marubani ambao mimi sikuwasikia kabisa. Ni kawaida?
*Mwanafunzi, Lang'ata*

Ni kawaida, na kwa maoni yetu ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika viwanja vya aina hii. Redio za ndege za kiraia hutumia masafa ya megahezi 118 hadi 137. Ndege nyingi za kivita hutumia megahezi 225 hadi 400. Mwongozaji huunganisha redio mbili na kusema kwenye zote kwa pamoja, basi kila rubani anamsikia yeye, lakini marubani wenyewe hawasikiani. Unapodhani redio imetulia, huenda rubani wa jeshi yuko katikati ya sentensi. Ukibonyeza kitufe wakati huo, mwongozaji anapata sauti mbili masikioni, na mara nyingi hashiki hata moja.

Ukiwa kwenye uwanja kama huo, ukisikia mwongozaji ameuliza swali, subiri sekunde chache hata kama husikii jibu. Rudia agizo lote pamoja na jina la ndege yako, usijibu "sawa" tu. Huna uhakika nani yuko mbele? Uliza aina yake, umbali na kimo. Usikubali kujitenga kwa macho, yaani kuikwepa ndege nyingine kwa kuitazama mwenyewe, kama hujaiona kwa yakini, hasa usiku, kwa sababu ukishakubali, jukumu la kuikwepa linahamia kwako.

Washington, tarehe 29 Januari 2025, ilionyesha jinsi mambo haya yanavyoungana. Helikopta ya jeshi la Marekani na ndege ya abiria iliyokuwa ikitua ziligongana, wakafa watu 67. Zilikuwa kwenye masafa tofauti, zote mbili mkononi mwa mwongozaji mmoja. Helikopta ilikuwa imeomba kujitenga kwa macho, ikakubaliwa. Baadaye iliambiwa ipite nyuma ya ndege ile, lakini wachunguzi walieleza kuwa huenda maneno hayo hayakusikika kwa sababu wakati huo huo kitufe cha redio ndani ya helikopta kilikuwa kimebonyezwa. Njia yake ilikuwa na ukomo wa kimo wa futi 200, na mgongano ulitokea kwenye kimo cha karibu futi 278. Kifaa cha ndege ya abiria cha kutahadharisha migongano kilitoa onyo, lakini karibu na ardhi kifaa hicho hakitoi amri ya kupanda au kushuka.

Dawa ni kuwaweka wote kwenye masafa mamoja kila redio zao zinaporuhusu. Ndege nyingi za usafirishaji za jeshi zina redio za aina zote mbili, hivyo kinachohitajika ni agizo tu.

Nasikia wanajeshi wengine husoma kimo kwa namna yao. Inawezekanaje?
*Mwalimu wa fizikia, Kasarani*

Altimita, kifaa kinachomwonyesha rubani kimo, hupima shinikizo la hewa. Ukiipa shinikizo la usawa wa bahari, linaloitwa QNH, inasoma kimo kutoka baharini. Ukiipa shinikizo la uwanjani, yaani QFE, inasoma sifuri ndege ikiwa imesimama. Baadhi ya majeshi, hasa yaliyofuata mafunzo ya Uingereza, yamezoea QFE wakati wa kutua.

Sasa fanya hesabu ya hapa kwetu. JKIA iko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari. Rubani mmoja akisema yuko futi 1,500 kwa QFE na mwingine futi 6,800 kwa QNH, wako karibu kimo kimoja, ingawa masikioni wanaonekana kutengana kwa zaidi ya futi 5,000. Nyanda za juu zina kinga moja: QFE ya hapa ni takriban hektopaskali 840, na altimita nyingi haziwezi kuwekwa kwenye shinikizo dogo kiasi hicho, basi rubani hawezi kuitumia. Kinga hiyo haipo Mombasa. Huko tofauti ya vimo ni ndogo kiasi cha kutogundulika upesi, kwa hiyo mwongozaji ataje aina ya shinikizo kila anapolitoa, na rubani alirudie.

Ndege yetu ilicheleweshwa ili ndege nne za kivita zipite. Kwani hazingeweza kupangwa foleni kama nyingine?
*Abiria, Embakasi*

Zinapangwa, ila foleni yake hupimwa kwa dakika, si kwa kilomita. Ndege ya kivita ikija kwa kilomita 550 kwa saa, kilomita 18 huzimaliza kwa dakika mbili hivi. Ndege ya abiria inayotua kwa kilomita 260 kwa saa hutumia karibu muda huo huo kwa kilomita 8. Mwongozaji anayetazama umbali peke yake kwenye rada atadhani ana nafasi, kumbe hana.

Pia ndege nne zikiruka kwa kundi huhesabiwa kama moja. Kanuni ya kimataifa inataka kila moja isiachane na kiongozi kwa zaidi ya kilomita 1 kando au nyuma, na futi 100 juu au chini. Kwa kawaida kiongozi pekee ndiye huwasha transponda, kifaa kinachoijibu rada na kuitambulisha ndege, basi rada huonyesha alama moja mahali penye ndege nne. Kundi likishavunjika juu ya uwanja ili kutua moja moja, kila ndege inahitaji nafasi yake. Baadhi hufungua mwavuli wa breki na kuuachia chini. Ukianguka kwenye njia ya kurukia, hakuna anayeruhusiwa kutua hadi gari likague na kuuondoa, kwa sababu kitambaa na kamba zake zikivutwa ndani ya injini huiharibu.

Gwaride la anga la sikukuu za kitaifa hutangazwa mapema kwa marubani na mashirika, pamoja na saa za kufungwa kwa anga. Ukiwa na tiketi ya 1 Juni, 20 Oktoba au 12 Desemba asubuhi, liulize shirika lako siku moja kabla kama saa ya kuondoka imesogezwa, na usipange ndege ya kuunganisha yenye nafasi ya chini ya saa mbili.