Mwite mwenzako akae dawati la nyuma

Semina tunazijua: daftari jipya, chai na sambusa, slaidi za mbinu shirikishi, halafu Jumatatu mtu anarudi darasani kufundisha vilevile. Siziponda, na posho yake imeshanisitiri, nisiwe mnafiki. Ila kilichonijenga zaidi katika kufundisha Hisabati darasa la tano ni mwalimu wa mkondo wa pili, aliyekubali kuja kukaa nyuma na karatasi.

Fomu haihitajiki. Mwombe achore madawati yalivyopangwa, kisha aweke alama kila unapomuuliza mtoto swali. Kipindi kikiisha, itazameni pamoja. Sijawahi kuona karatasi ya aina hiyo ambayo alama zimeenea sawa. Zinajaa mbele, kwa wale wanaonyanyuka nusu ya dawati wakipiga vidole, "Mie mwalimu! Mie!" Kule karibu na mlango, kweupe.

Safari nyingine mwambie ahesabu kimyakimya muda unaosubiri baada ya kuuliza. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri kama sekunde 1 tu, na kwamba wakifika 3, majibu huwa marefu na watoto waliokuwa kimya huanza kujibu. Sekunde 3 mbele ya darasa lililojaa ni ndefu, usione mchezo. Mimi hugeuka nikafuta ubao pole pole.

Na lile swali letu, "Tumeelewa?", tuliache. Jibu lake ni "Ndiyooo mwalimu" hata kama hakuna aliyeambulia kitu. Andika ½ + ⅓ uone. Wengi watajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wakupe 2/5. Badala ya kuweka kosa, muulize: hiyo 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko ½ tuliyoanza nayo? Halafu nyamaza. Kuna mtoto atachora mstatili, atagawa, atakunja uso: tumeongeza, mbona imepungua? Mwenzako aliyeko nyuma ndiye anayeuona ule uso. Wewe uko ubaoni.

Ndiyo maana namtaka mtazamaji aangalie watoto kuliko mwalimu. Wajapani wanafanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100 katika utaratibu wanaouita jugyo kenkyu: walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanafuatilia wanafunzi wanavyofikiri. Kwetu Tanzania mlango upo tayari. MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanataka tukutane shuleni kwetu katika jumuiya za kujifunza. Tatizo ni kwamba kikao hicho kikiachwa kijiendeshe kinageuka cha matangazo na michango ya msiba. Kingieni na karatasi ya madawati mkononi, au madaftari machache yenye ile 2/5, mtakuwa na la kuzungumza.

Kuhusu nani wa kumwita: asiwe mwalimu mkuu wala mthibiti ubora, hata kama ni watu wema. Ukijua unapimwa, utafundisha somo la maonyesho, na watoto watakusaidia kuigiza. Mwite mwenye cheo sawa na chako, na wewe uende kwake wiki inayofuata. Kubalianeni jambo moja tu la kuangalia. Na asianze maneno yake na "mimi ningefanya...", aseme alichokiona: "Yule wa dirishani aliandika jibu sahihi, akalifuta alipomsikia jirani yake."

Najua utauliza, darasa lake atamwachia nani? Sisi tulitumia kipindi chao cha michezo, kwa makubaliano na mwalimu wa michezo. Dakika 40 zote si lazima. Nusu ya kipindi inatosha kujaza karatasi. Anzeni na mada inayowasumbua kila mwaka, si ile mnayoipenda.