Maswali yenu kuhusu santuri ya gereji ya Metallica

Toleo lililopita niliigusia The $5.98 E.P.: Garage Days Re-Revisited, santuri fupi (EP) ya mwaka 1987 ya Metallica, bendi ya muziki wa metal ya Marekani, ambayo nyimbo zake zote ni za bendi nyingine. Nayajibu maswali manne.

Kaka, bei inatafuta nini kwenye jina? (Morogoro)

Inamlinda mnunuzi. Kazi ilikuwa fupi, na bendi haikutaka wenye maduka waiuze kwa bei ya albamu nzima. CD nayo ikaandikwa $9.98.

Bendi kubwa vile inapiga kopi ya nini? Waliishiwa? (Nakuru)

Hapana, ndugu yangu. Septemba 1986 basi lao lilipinduka Sweden, na mpiga besi Cliff Burton akafariki akiwa na miaka 24. Akaja Jason Newsted. Aliyewahi kukaa kwenye bendi anajua kwamba mgeni humsomi kwa maongezi, unamsoma mkishapiga pamoja wimbo mnaoupenda wote. Wakafanya mazoezi kwenye gereji ya nyumbani kwa mpiga drams Lars Ulrich, California, kisha wakaingia studio Los Angeles na kumaliza kwa siku sita. Nyimbo walizochagua ni zile walizokua nazo: Diamond Head na Killing Joke wa Uingereza, Holocaust wa Scotland, Budgie wa Wales, Misfits wa New Jersey.

Mimi ni mpiga besi. Nianze na wimbo upi? (Tanga)

Crash Course in Brain Surgery, wa Budgie. Vaa hedifoni. Besi ya Newsted inaanza, nzito, inakwaruza kama kamba inataka kukatika, ndipo wenzake wanaingia. Halafu sikiliza albamu iliyofuata, ...And Justice for All ya 1988: gitaa na drams zimejaa kote, besi unaitafuta kwa tochi. Kila nikiisikiliza inaniuma, maana kijana alipiga, ila kwenye kuchanganya sauti akashushwa mpaka akapotea. Kwangu mimi, hii santuri ya nyimbo za watu ndiyo iliyomtendea haki. Usiipite Helpless pia, ule wa Diamond Head.

Nimenunua nakala ya zamani kutoka Uingereza, ina nyimbo nne. Nimeuziwa feki? (Muscat)

Hujauziwa feki. Huko waliuacha The Wait wa Killing Joke, kwa kuwa kanuni za chati ziliibana EP isizidi urefu fulani. Nyimbo zote tano zimo kwenye albamu yao Garage Inc. ya 1998. Ila usiizime nakala yako mapema: wimbo wa mwisho, wa Misfits, ukiisha, vijana wanaudonoa Run to the Hills wa Iron Maiden, magitaa yanakwenda upogo kabisa, kisha sauti inafifia wakiwa bado wanapiga.