Maswali Yenu: Kinanda cha Kwaya, Muziki wa Filamu

SWALI: Napiga kinanda cha funguo 61 kwenye kwaya hapa Mwanga, Kigoma. Kijana mmoja ametengeneza filamu ya dakika 22 juu ya wavuvi wa dagaa, akaniomba muziki. Mwanzoni unakwenda na picha, mwishoni umeachana nayo kabisa. Tena analalamika kwamba wavuvi hawasikiki wanapoongea. Nakosea wapi?

JIBU: Muziki ukiachana na picha kidogo kidogo, kagua kwanza mwendo wa fremu, yaani idadi ya picha moja moja zinazopita kila sekunde. Runinga zetu hutumia fremu 25 kwa sekunde, na filamu nyingi hupigwa kwa 24. Picha ya fremu 24 ikichezeshwa kwa 25, dakika 5 zinabaki dakika 4 na sekunde 48. Muulize mhariri wa picha anatumia ipi, na programu yako uipange hivyo hivyo. Sauti iwe hezi 48,000, yaani vipimo 48,000 vya sauti kila sekunde. Faili la 44,100 likisomwa kama 48,000 hukimbia, na noti hupanda karibu nusutoni moja na nusu.

Usitunge kabla picha haijakatwa mara ya mwisho. Akipunguza sekunde 3 tu, kila kitu baada ya hapo kimehama. Omba nakala yenye saa inayoonekana pembeni.

Kisha tempo, yaani mapigo kwa dakika, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tuseme wavu unatoka majini sekunde ya 18 tangu muziki uanze. Zidisha 18 kwa tempo, gawa kwa 60. Tempo 80 inakupa mapigo 24, yaani baa 6 za mapigo manne, na wavu unatokea pigo la kwanza la baa ya 7. Tempo 84 inakupa 25.2, wavu unaangukia kati ya mapigo na mtazamaji anahisi kitu kimechelewa. Jaribu tempo kadhaa kwenye karatasi kabla ya kugusa kinanda.

Kuhusu maneno: sauti ya mtu inakaa palepale mkono wako wa kulia unapopenda kucheza, katikati ya kinanda. Mvuvi akifungua mdomo, hamisha melodia oktava moja juu au shika noti moja ndefu. Usikimbilie besi, kwa sababu injini ya boti imeshaijaza na mkono wa kushoto utazama humo. Pedali nayo iachie kila kodi (noti zinazopigwa pamoja) inapobadilika. Mazoea ya kwaya ya kujaza kila nafasi yaache kanisani. Hapa kimya ni sehemu ya utunzi.

Mtumie mhariri piano, nyuzi na ngoma kwenye mafaili tofauti yanayoanzia sekunde ileile, ili apunguze kimoja bila kuua vingine. WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya stirio ya biti 24 ni kama MB 17 kwa dakika. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti.

SWALI: Nimetunga muziki wa kipindi, Tabora. Mtayarishaji anasema akishanilipa, muziki ni wake. Kweli?

JIBU: Si lazima. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ni yako tangu ulipotunga, na inadumu miaka 50 baada ya kifo chako. Malipo yanaweza kuwa ruhusa ya kipindi hicho tu, au uhamisho wa haki zote. Hilo la pili bei yake iwe kubwa zaidi. Liandikwe na kusainiwa kabla hujakabidhi mafaili. Sajili muziki COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, upate ushahidi, na ambatisha orodha: jina la kila kipande, mtunzi, kinapoanzia, urefu wake.