Mkeka, kanga na pumzi: maswali yenu kuhusu yoga

Mwalimu, shikamoo. Naendesha daladala, nina miaka 44. Huu mwaka wa pili mgongo unaniuma, chini kabisa, kiunoni. Hospitali wamenipiga picha wakasema hakuna kilichovunjika, nifanye mazoezi. Abiria mmoja kanishauri yoga, ila nikiulizia natajiwa Hatha, Vinyasa, Ashtanga, Iyengar. Nianze na ipi?
*Dereva, Gongo la Mboto*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mgongo huo naujua. Nilikaa kwenye cherehani Kariakoo miaka 19, shingo imeinamia kitambaa, na jioni sikuweza kuinuka mpaka niishike meza kwanza. Aliyenitoa hapo ni jirani yangu wa Upanga, mama wa Kihindi aliye rika la mama yangu, ambaye kila asubuhi alitandika shuka kibarazani na kujinyoosha kabla jua halijawa kali. Siku moja aliniona ninavyoshuka ngazi, akaniita.

Hayo majina yasikutishe. Hatha ndiyo shina. Madarasa mengi yanayotumia jina hilo huenda polepole: unaingia kwenye mkao, unatulia, unapumua, unatoka. Vinyasa haina kusimama, mkao mmoja unazaa mwingine kwa kufuata pumzi, na moyo unadunda kweli. Ashtanga, iliyosambazwa na mwalimu K. Pattabhi Jois wa Mysore, India, ina mpangilio wake usiobadilika na ni ngumu. Wewe iache kwanza.

Ninayotaka uanze nayo ni Iyengar, au Hatha ya taratibu. B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa mtoto wa maradhi: malaria, taifodi, kifua kikuu. Alipokuja kuwa mwalimu kule Pune, India, alitumia mikanda, matofali ya mbao, mablanketi na viti, ili mwili usiofika usaidiwe kufika. Ndiyo maana naipenda. Haimwonei mtu aliyekakamaa.

Wala hili si la mitaani tu. Mwaka 2017 chama cha madaktari cha American College of Physicians kiliitaja yoga miongoni mwa tiba za kuanza nazo kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, kabla ya kukimbilia vidonge.

Sasa tazama kazi yako. Umekaa tangu alfajiri, nyonga zimekunjwa, mguu wa kushoto haubanduki kwenye klachi foleni nzima. Misuli ya nyuma ya mapaja inakaza, na ikikaza inaivuta nyonga, kiuno kinabeba mzigo usio wake. Kwa hiyo usihangaike na kiuno kwanza, hangaika na mapaja.

Tandika mkeka, azima kanga ya mkeo. Lala chali. Kunja goti la kulia, pitisha kanga chini ya unyayo, shika ncha zote mbili, kisha nyoosha mguu kuelekea dari pole pole. Goti likikataa kunyooka, liache limepinda. Mguu wa kushoto ubaki umelala mkekani. Mvuto uusikie katikati ya nyama ya paja. Ukiusikia nyuma ya goti au kiunoni, umezidisha, legeza kanga. Mabega yasiinuke, meno yasiumane. Hesabu pumzi 10, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Badilisha mguu. Ukimaliza, sogeza kiti, weka miguu juu yake kuanzia magotini kushuka chini, ukae hivyo dakika 5 bila simu. Fanya kila siku ukirudi kazini. Siku za mwanzo utaona kama hakuna kinachotokea. Vumilia, mwili uliokaza kwa miaka haulegei kwa wiki.

Na hili nakuomba kama mzazi: mtu asikusukume. Mwanzoni kabisa niliingia darasa moja hapa mjini, nikiwa nimeinama mbele mwalimu akanilalia mgongoni ili nivifikie vidole vya miguu. Nilisikia kitu kimeachia juu ya paja, karibu na kalio. Miezi miwili nilipanda ngazi nikitanguliza mguu mmoja. Hasira ile sijaimaliza, kwa sababu nilimwambia "basi" naye akaniambia nipumue. Ukisema basi, iwe basi. Asiyekusikiliza, kunja mkeka wako uondoke.

Ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo unagoma au unatoka wenyewe, mguu unakosa nguvu, au maumivu yanakuja na homa, acha mazoezi uende hospitali siku hiyohiyo.

Mwalimu, naogopa kuuliza watu wa nyumbani. Mimi ni Mwislamu. Yoga si ibada ya Kihindu?
*Binti, Magomeni*

Mwanangu, swali lako ni la haki, na sitakuficha. Yoga imetoka India, ndani ya mapokeo ya dini za huko, na neno lenyewe ni la Kisanskriti, lina maana ya kuunganisha. Yapo madarasa yanayoanza kwa kuimba, yapo ambayo ni viungo na pumzi tu. Uliza kabla hujalipa. Mimi naswali alfajiri, nakunja msala, natandika mkeka mwingine kwa mazoezi. Viwili hivyo sivichanganyi, na jirani yangu hakuwahi kunitaka nivichanganye. Moyo ukisita bado, zungumza na ustadhi unayemwamini. Usifanye kwa kujificha, mazoezi ya kuvizia hayakupi utulivu.

Nina miaka 58, nina presha ya kupanda na natumia dawa. Binti yangu anataka twende pamoja yoga ya chumba cha joto, anasema inatoa sumu mwilini. Niende?
*Mama, Kigamboni*

Hapana, dada yangu. Mpende binti yako, lakini hapo umkatalie. Yoga hiyo, iliyoenezwa kwa jina la Bikram, ina mikao 26 inayofanywa dakika 90 ndani ya chumba chenye joto la kama nyuzi 40. Jasho linapoza mwili. Kazi ya kutoa taka ni ya figo na ini. Mtu wa dawa za presha akipoteza maji mengi, presha inaweza kuporomoka akaanguka.

Yoga ya taratibu itakufaa, na kwa watu wengi hushusha presha kidogo. Kidogo, nasema, vidonge vyako usiviache mpaka daktari aseme. Usisimamie kichwa, na mikao ya kuinamisha kichwa chini ya moyo iache. Kama una presha ya macho, ndiyo kabisa, kwani kuinama hivyo huipandisha. Usizuie pumzi hata mara moja.

Mwambie binti yako mfanye pamoja hapo nyumbani, asubuhi, dirisha wazi. Kaeni kwenye viti, inueni mikono mkivuta pumzi, ishusheni mkitoa, mara 10. Kisha ulale chali dakika 10, mto chini ya magoti. Ukitaka kuinuka, usikurupuke: geukia ubavu, tulia, jisukume kwa mkono ukae, subiri mpaka uhakikishe huna kizunguzungu, ndipo binti akupe mkono usimame.