Mekatilili peke yake hatoshi

Ndugu yangu, umeuliza wanawake wanalalamikia nini kwamba hawakumbukwi hadharani, ilhali sanamu ya Mekatilili wa Menza ipo Malindi. Ipo, na nafurahi ipo. Mama yule mwaka 1913 alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza ngoma ya kifudu na kula kiapo na watu wake wasiwape Waingereza vijana wala kodi. Wakamhamishia Kisii, akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Lakini mgeni akifika mjini anapelekwa kwanza wapi? Kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ile nyeupe yenye msalaba juu, ukingoni mwa bahari. Yule alipita tu, mwaka 1498.

Huku kwetu Lamu sanamu za watu hatuna desturi nazo, na mimi sizitaki. Tunachoweza ni kibao cha mawe ukutani, au jina la mtaa. Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, anasomwa hadi vyuo vikuu vya ng'ambo, na Mwana Khadija alitawala Pate hiyohiyo karne ya 18. Tuanze na hao wawili, na waandikwe kwa majina yao, si "mke wa fulani".